Nilivyoyatoa majibu ya mafundi wa sola kwenye grupu lililoyameza

Saa tatu na dakika chache usiku simu ikalia, ni sista mmoja mwenye kliniki ndogo njia ya kwenda Busia, ananiambia fundi taa zimezima tena na nina mama wa kujifungua humu ndani. Mara ya tatu wiki hiyo. Betri 2 za volti 12 zilizounganishwa kwa kufuatana, paneli 2, mfumo wa volti 24, na kabla yangu alishapita fundi mwingine akamwambia tatizo ni umeme mdogo nunua paneli ya tatu, akanunua maskini, na taa zikaendelea kuzima saa ileile. Kazi yenyewe haikunitisha. Kilichoniuma ni kwamba hilo tatizo mtu alishalijibu vizuri kabisa kwenye grupu letu la mafundi, miezi kama 5 nyuma, mimi mwenyewe nilikuwepo. Nikakaa kitandani na simu napandisha meseji, napandisha, rambirambi, mchango wa harusi, maua ya asubuhi njema, mtu anauza ng'ombe, dua ya kutuma kwa watu 10, napandisha hadi saa sita na nusu usiku na jibu sikuliona. Nikitafuta neno betri naletewa mamia. Nikitafuta volti ndo usiseme.

Asubuhi mpwa wangu, msichana wa S5, sekondari mwaka wa tano, aliyekuwa likizo kwangu, akaniuliza mjomba mbona macho mekundu. Nikamweleza. Akafikiri kidogo akasema mjomba usitafute swali, tafuta asante. Sikumwelewa. Akachukua simu akaandika "imekubali". Zikatoka meseji 30 na kitu tu, na kila palipo na imekubali, ukipanda juu kidogo pana mtu ametatuliwa shida yake. Ya 9 ndo ilikuwa yenyewe. "Asante mkuu imekubali, taa zimekesha." Juu yake kuna nini? Voisi ya dakika 4. Ndo maana sikuwa naipata, jibu lilikuwa sauti, na sauti haina neno la kutafuta.

Tukaisikiliza wote. Jogoo anawika, jamaa anamsalimia mtu anayepita, anauliza habari za nyumbani, anakohoa, halafu katikati humo, sekunde kama 20 hivi, anasema: usipime betri zote mbili kwa pamoja, jua likiwa kali pima moja moja. Basi.

Nikapanda boda hadi kwa sista. Saa sita mchana jua limesimama, kontrola, kile kifaa kinachosimamia chaji inayotoka kwenye paneli kwenda kwenye betri, inaonyesha volti 28.4, mtu yeyote angesema safi. Nikaweka mita kwenye betri ya kwanza, 15.1. Ya pili, 13.3. Jumla ni ileile 28.4 lakini moja inachemka inatoa bubujiko unalisikia ukiinamisha sikio, na ya pili haishibi hata siku moja. Kumbe moja ilikuwa ya miaka 4 na nyingine ya miezi 6, walibadilisha moja tu kuokoa hela. Ile kuukuu inajaa haraka kwa sababu tumbo lake limeshakuwa dogo, kontrola inaona jumla inadhani kazi imeisha, inapunguza chaji, na usiku ileile kuukuu inaanguka ya kwanza na kuzima nyumba nzima. Hapo hata ungeweka paneli 10. Nikachaji kila moja peke yake, nikazilaza usiku kucha zimeunganishwa chanya kwa chanya hasi kwa hasi, kesho yake nikazirudisha kwenye mstari wa volti 24, moja ikifuata nyingine. Zikamsogeza sista karibu miezi 2 hadi alipopata hela ya kununua jozi mpya, zote 2 siku moja duka moja.

Paneli ya tatu ilimgharimu laki kadhaa. Laki kadhaa za bure, kwa jibu la sekunde 20 lililokuwa limelala kwenye simu za mafundi zaidi ya 200. Hiyo ndo iliyonifanya niingie kwenye kazi ninayotaka kuwaeleza.

Mimi sola sikusomea darasani. Nilikuwa nachomelea redio hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, na mwaka 2010 hivi nikakutana na jukwaa moja la mafundi la Kiswahili mtandaoni, naingia kupitia kafe ya intaneti, nalipa kwa dakika, natoka na karatasi nimeandika kwa mkono. Mle ndani walikuwemo watu wa Mwanza, Kisumu, Bunia, Mombasa, sisi wa huku mpakani. Mtu anaanzisha uzi, yaani swali na majibu yake yote mahali pamoja, mwingine anasema ngoja wajuzi waje, na kweli wanakuja, wakati mwingine baada ya wiki 2. Kulikuwa na mzee wa Tanga aliyebishana na vijana mwezi mzima kwamba betri ikipungua usiongeze asidi, ongeza maji ya betri peke yake, kwa sababu asidi haikauki kinachokauka ni maji. Vijana wakamtukana, yeye akatulia akaeleza tena, na tena. Mimi nilisoma ule uzi mwaka mmoja baada ya ubishi kwisha na ukaniokolea betri za msikiti mzima. Fikiria, mzee hakujua kama mimi nipo duniani.

Sasa lile jukwaa lilikufaje. Watu wanapenda kusema eti watu hawasomi siku hizi. Hapana jamani, hiyo inaniudhi, mimi nilikuwepo nikaona. Kwanza simu za kupangusa zikaja tukahamia grupu la Facebook, huko maswali yakaongezeka lakini uzi wa jana ukawa haufikiki. Julai 2018 ikaja ile kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii, fundi wa kijijini anaona bora anunue bati ya solda, wengi wakapotea. Januari 2021, siku za uchaguzi, Facebook ikafungwa hapa kwetu na intaneti yote ikazimwa kama siku 5, iliporudi Facebook haikurudi nayo, ikawa ukiitaka ni kwa VPN, programu ya kuzunguka kizuizi. Julai mwaka huohuo ile 200 ikaondolewa ikaja asilimia 12 kwenye data. Basi tukajibana wote WhatsApp, na wakati ule grupu moja mwisho watu 256, tukawa na magrupu 3, hili halijui lile limejibu nini. Huku nyuma mwenye lile jukwaa la zamani akaacha kulilipia. Siku moja nafungua nakuta matangazo ya kamari.

Lakini jambo lililoua kabisa, kwa macho yangu, ni uchovu wa wajuzi. Kwenye jukwaa mtu akijibu mara moja, wanaokuja wanaelekezwa pale. Kwenye grupu swali la betri kuzima linarudi kila wiki, mjuzi anajibu mara ya kwanza, ya 5, ya 10, anachoka ananyamaza. Hatoki kwenye grupu, ananyamaza tu. Na swali haliwezi kukaa bila jibu, kwa hiyo wanaobaki kujibu ni wale wasiojua. Hapo ndo zinatoka "ongeza paneli".

Kosa langu la kwanza, nikafungua jukwaa jipya. Kijana mmoja anayejiita mtaalam wa masoko ya mtandaoni akanishauri hivo, akaniambia jenga tu watakuja, nikalipa hela ya kuhifadhia tovuti na jina lake kwa mwaka mzima, nikajifunza phpBB, programu ya kuendeshea majukwaa, usiku kucha, nikapanga vyumba vizuri: chumba cha betri, cha paneli, cha inverta, cha pampu za maji. Vyumba 14. Baada ya mwezi wanachama walikuwa 60 na kitu, nikafurahi kweli, hadi nilipoanza kuwasoma: karibu wote roboti wanauza vidonge. Mafundi halisi walikuwa 7. Walikuja, wakaona vyumba 14 vitupu, wakaondoka. Nani atauliza swali kwenye nyumba isiyo na mtu? Yule kijana akaniambia basi lipa nikununulie wanachama. Nikamwambia nina haja gani na mwanachama wa kununuliwa, ataninunulia mita? Nilikaa na vile vyumba vitupu miezi 8, na niliumia, kwa sababu niliamini watu hawataki tena.

Nikagundua nilianzia mwisho. Watu huwa wanafuata majibu, mengine yanakuja nyuma yake. Nikavunja vyumba vyote nikabakisha ukurasa mmoja mwepesi wa maandishi matupu, unafunguka hata kwa MB mbili tatu, na nikaanza kuujaza kabla sijamwambia mtu.

Majibu ya kale niliyapata hivi, na hapa nitakaa kidogo maana nilihangaika. Kuna Wayback Machine, ya lile shirika la San Francisco linalohifadhi kurasa za intaneti tangu 1996. Nikaweka anwani ya jukwaa letu lililokufa, ikaja sura ya mbele tu, nikibonya uzi, hakuna. Nikabonya siku 3, hakuna. Halafu nikakumbuka zile anwani za nyuzi zilikuwa zinaishia na namba, t=1, t=2, mpaka huko elfu. Nikaanza kubadilisha namba kwa mkono, t=212 hakuna, t=213 hakuna, t=214 mama yangu! uzi mzima huu hapa, na mzee wa Tanga ndani yake anabishana kuhusu asidi. Nilisimama dukani mwenyewe. Nikaendelea kwa mkono namba moja moja kama wiki, mpaka nikajua kwamba ukiweka kinyota (*) mwishoni mwa anwani, inakuletea orodha ya kila ukurasa waliowahi kuuhifadhi wa mahali pale, bila kubahatisha. Wiki nzima ya kidole ingekuwa dakika 5. Nilikuwa nashusha usiku wa manane kwa data za usiku. Nikapata nyuzi 400 na kitu, kati ya karibu elfu 2 ninavyokumbuka.

Majibu mapya yanatoka kwenye grupu. Jumapili jioni mimi na mpwa wangu tunatoa gumzo lote la grupu kama faili la maandishi bila picha, tunachukua ya wiki hiyo, tunatafuta imekubali, imepona, asante, imewaka, Mungu akubariki. Tunapanda juu, tunasikiliza voisi, mpwa anaandika. Namba za simu na majina tunafuta yote, hilo sikuambiwa na mtu, ni haki yao. Kichwa cha habari tunaandika maneno ya mteja siyo ya fundi: "taa zinazima saa tatu na betri ni mpya", kwa sababu mtu mwenye shida hajui kuandika betri hazilingani, angejua hivo asingeuliza.

Na nikaweka sharti moja kwenye grupu, ukisaidiwa rudi useme. Imekubali au haijakubali, na namba za mita. Mwanzoni walininunia. Mtu asiporudi, swali lake linalofuata mimi na wenzangu wachache tunanyamaza hadi amalizie la kwanza. Sasaivi wanarudi wenyewe, wengine na picha.

Mjuzi mmoja, mzee anayeheshimika sana upande wa Malaba, alikataa katakata. Akasema elimu yangu unaipeleka kwenye mtandao bure, mimi nitakula nini. Nikamwendea nyumbani na sukari kilo 2, nikamwamkia, nikamwambia mzee siweki neno lako hata moja bila ruhusa. Na sikuweka. Miezi mingi. Siku moja akanipigia, wateja wawili wa Busia walimfikia wakisema walielekezwa na fundi aliyesoma pale kwetu kwamba pampu za kisima mtu wa kumwona ni yule wa Malaba. Akasema: "Mwanangu, niandike. Lakini uandike sawasawa, nitasoma." Anasoma kweli. Ananirekebisha hadi koma.

Wale waliokuwa wamenyamaza wameanza kuongea tena. Swali la betri likija, mtu anatupia linki, kazi imekwisha, na wajuzi wanabaki na nguvu ya kubishana juu ya vitu vipya, hasa betri za lithiamu ambazo kila mtu anaziuza na wachache wanazijua. Wiki iliyopita walibishana siku 4 kama kontrola ya zamani iliyopangwa kwa betri za asidi inafaa kuchaji lithiamu, na sikumwona hata mmoja akituma maua. Sista mwenyewe yumo kwenye grupu siku hizi, anasoma mita yake kila asubuhi na kututumia.

Tukatoa na kijitabu, nyuzi 60 zinazoulizwa zaidi, nimefotokopi mjini kwa bei ya karatasi na wino tu, kipo kwenye mikoba ya mafundi ambao simu zao ni za tochi.

Bado kuna uzi mmoja sijaupata, ule wa kufufua kontrola iliyopigwa na radi, ulikuwa na kurasa kama 11, na Wayback walihifadhi ukurasa wa 1 na wa 4 peke yake. Wa 4 unaanza na mtu anasema "nimefanya kama ulivyosema hapo juu, imekubali". Kama wewe ni fundi wa siku zile na ulikuwa unaandika kwenye karatasi kafe kama mimi, hebu angalia chini ya meza, kwenye boksi la vipuri, kwenye daftari za zamani. Hata kipande. Gharama ya kukituma nitalipa mimi.