Kamera namba 3 inakufa kila magharibi: siku moja ya fundi kamera Dar es Salaam

Saa 11:20 alfajiri. Adhana haijaisha msikiti wa jirani hapa Mbagala, simu inaita. Ni mama mmoja wa Tegeta, ana duka la vifaa vya ujenzi, na uani nyuma ya duka analaza nondo na mabati. Wiki mbili zilizopita ameibiwa mabati. Fundi aliyemfungia kamera hapokei simu.

"Mwanangu, zipo kamera sita. Tano nzima. Hii namba 3 ya uani ndiyo inanitesa. Asubuhi ipo, jioni haipo."

Nikamwuliza inapotea saa ngapi hasa. Akasema giza likiingia tu, na kukipambazuka inarudi yenyewe. Hapo nikajua nianzie wapi. Kamera ikiharibika huwa imeharibika mchana na usiku. Inayokufa magharibi na kufufuka alfajiri, kinachoipungukia ni umeme.

Saa 12:30 asubuhi. Chai na chapati, kisha mkoba. Bisibisi, drili, krimpa ya kubania vichwa vya waya wa mtandao (RJ45), kipimo cha waya, kipimo kidogo cha umeme wa PoE, yaani ule unaopita kwenye waya wa mtandao, silikoni, kitambaa laini, chupa ya maji safi na kitambaa cheusi kizito. Hicho cheusi nitakuja kukieleza. Dogo ninayemfundisha kazi ameshafika na kirikuu ya mjomba wake, ngazi imefungwa juu.

Saa 2:15 asubuhi, Kariakoo. Tunanunua waya. Sinunui waya kwa kusoma boksi. Maboksi yote yameandikwa Cat6, daraja la waya wa mtandao, yote mita 305, yote yamepakwa rangi vizuri. Namwomba muuzaji anikatie kipande cha sentimita chache, nachuna ganda, natoa uzi mmoja, nakwangua kwa wembe. Shaba safi ukiikwangua inabaki nyekundu hadi ndani. Ule wa bandia unatoa weupe wa fedha baada ya mkwaruzo wa pili, maana ndani ni aluminiamu, shaba imepakwa juu tu kama mafuta kwenye mkate. Ukiukunja mara tano au sita unakatika mkononi. Dogo nimempa wembe akwangue mwenyewe. Boksi la kwanza jeupe, la pili jeupe, la tatu jekundu.

Hilo la tatu bei yake imechangamka, na najua mafundi wengi wanaliacha kwa sababu mteja hatauona waya, utaishia darini. Ila kamera za mtandao siku hizi zinapata picha na umeme kwa waya huohuo mmoja. Swichi ya PoE, kisanduku ambacho waya za kamera zote zinachomekwa, inasukuma volti kama 48, na kwa kiwango cha kawaida kila tundu lina wati 15.4 za kutoa. Njiani umeme unapungua. Aluminiamu inazuia umeme kuliko shaba, na safari ikiwa ndefu, kinachofika mwisho ni kidogo. Mita 100 ndiyo mpaka wa waya wa mtandao, na mpaka huo umepimwa kwa shaba. Rahisi ni ghali, waliosema hawakukosea.

Saa 4:10 asubuhi, Tegeta. Shikamoo, marahaba, maji ya kunywa, kazi. Dogo anapanda ngazi, mimi nabaki na kipimo. Kwenye swichi napata volti 47. Kwenye kamera, mchana huu mkali, napata 41. Kamera inafanya kazi.

Sasa kitambaa cheusi. Nimemwambia dogo aifunike kamera yote. Sekunde chache, tukasikia *tak*: ni kichujio kidogo kilicho nyuma ya lenzi kinasogea pembeni ili kamera ione mwanga wa infraredi, ule ambao macho yetu karibu hayauoni. Chini ya kitambaa taa zake zikawaka, wekundu hafifu kama makaa yanayokaribia kuzimika. Kipimo kikashuka: 39, 37, 35. Kioo cha rekoda, mashine inayotunza picha ndani ya duka, kikawa cheusi upande wa namba 3. Mama akaita kutoka ndani, "Ndivyo inavyofanya! Hivyohivyo!"

Kamera hii mchana inakula wati 4 hivi. Taa za usiku zikiwaka inapanda hadi karibu 7. Waya ulikuwa unaiweza ile 4 na unashindwa 7. Inazima, inajiwasha, inaona giza, inawasha taa, inazima tena, usiku kucha, mpaka jua litoke.

Tukafuata waya darini. Kwenye mita ya sitini hivi tukakuta alichofanya mwenzetu: waya ulimpungukia, akaunga kwa kusokota nyuzi kwa vidole na kuzungushia tepu. Nilipoifungua tepu, nyuzi zilikuwa na unga mweupe, na mbili zilikatika kwa kuguswa. Nilikwangua moja nikamwonyesha mama: nyeupe ndani. Sikumsema vibaya yule fundi mbele yake, lakini niliumia. Mwizi hakuhitaji hata kujua kwamba kamera hulala usiku, giza lilimtosha.

Waya mpya tumeupitisha wote, mita 85, kipande kimoja, bila kiungo. Kichwa nabana kwa mpangilio uleule kila upande: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Dogo aliuimba kwa sauti, na safari hii hakukosea. Pale waya unapoingia kwenye kamera nimeuacha uning'inie kidogo chini ya tundu kabla haujapanda, ili maji ya mvua yadondokee hapo yasifuate waya hadi ndani. Kitambaa tena. *Tak*. Taa zikawaka. Volti 45, zikatulia hapohapo.

Saa 6:30 mchana. Mama alidhani tumemaliza. Nilimwomba tukae mbele ya rekoda, kwa sababu hapo ndipo lilipokuwa tatizo ambalo hakuwa amelijua.

La kwanza, saa. Kioo kiliandika saa tano mbele ya saa ya kweli. Rekoda nyingi zinatoka China, zikiwa zimewekwa saa za Beijing, na sisi Afrika Mashariki tuko nyuma kwa saa tano kamili. Aliyefunga hakugusa. Tukio la saa 8 usiku lingeonekana limetokea saa 1 asubuhi, watu wamejaa barabarani. Sheria yetu ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa aina hii mahakamani, lakini uzito wake unapimwa kwa kuangalia ulivyorekodiwa na kutunzwa. Picha yenye saa ya uongo inampa wakili wa mshtakiwa pa kushika. Nimeweka saa za kwetu, na nimeiwekea rekoda ichukue saa kutoka mtandaoni yenyewe kila siku.

La pili, nafasi. Mama alisema aligundua mabati yamepungua siku ya kumi, alipohesabu. Akatafuta picha, hakuna kitu, hata za kamera zile tano nzima. Nikachukua karatasi. Kamera moja ikituma megabiti 4 kwa sekunde inajaza gigabaiti 43 kwa siku. Sita ni 259. Diski yake ya terabaiti 2 inajaa ndani ya siku saba na kidogo, kisha rekoda inafuta za zamani ili iandike mpya. Siku ya kumi, siku ya wizi ilikuwa imeshafutwa. Aliniangalia muda mrefu. "Kwa hiyo hata ingeona, nisingeona?" Ndiyo, mama.

Kamera zake zinaweza H.265, mtindo mpya zaidi wa kubana picha, ila ziliachwa kwenye ule wa zamani. Kubadilisha tu kumeshusha kila moja hadi megabiti 2 na sura za watu bado zinatambulika. Nimekuza uso wa kijana wa dukani akiwa langoni kuhakikisha. Nimeweka na diski ya terabaiti 4, ya aina inayotengenezwa kwa kazi ya kurekodi usiku na mchana. Sasa anapata siku 30.

La tatu ndilo lililonishtua zaidi. Nywila ilikuwa ileile ya kiwandani, na kwenye ruta mlango wa rekoda ulikuwa umefunguliwa kwa nje, ili mama aangalie duka kwa simu akiwa nyumbani. Maana yake yeyote duniani anayejua ile nywila, na imeandikwa kwenye kila kijitabu cha aina hiyo, angeweza kuingia kutazama uani kwake. Mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kilizunguka mtandaoni kikijaribu orodha ya nywila za kiwandani zipatazo sitini tu. Kwa orodha hiyo kiliteka kamera, rekoda na ruta kwa malaki, na Oktoba 21 mwaka huo jeshi hilo likatumika kuizidi nguvu kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikielekeza watu kwenye anwani za tovuti, hata Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa watu wengi Marekani. Vyombo vya watu wa kawaida, vimefungwa na mafundi wa kawaida kama sisi. Nimefunga ule mlango wa ruta, nimesasisha programu ya rekoda, na mama ametunga nywila mwenyewe, nikageuka ukutani wakati anaiandika. Fundi hahitaji kubaki nayo.

Saa 8:00 mchana. Wali maharage na mchicha kwa mama ntilie wa pembeni.

Saa 9:00 alasiri, Kunduchi. Nyumba ya mzee mmoja mstaafu, hatua chache kutoka baharini. Kamera mbili zilikuwepo, zote picha zimefifia. Ya kwanza ilikuwa na utando wa buibui mbele ya lenzi. Mchana hauonekani, usiku taa za kamera zinaumulika unakuwa pazia jeupe, na kila mdudu akipita rekoda inadhani ni mtu. Ya pili chumvi ya bahari imeganda kwenye kioo kama ukungu, na skrubu za kishikizo zimekula kutu. Nimeosha kwa maji safi kwanza ili chumvi ilainike, ndipo nikapangusa. Ukianza kwa kupangusa, chembe za chumvi zinachora kioo. Skrubu nimeweka za stenlesi. Kwa nyumba za pwani nashauri usafi huu kila mwezi, na mzee amekubali kijana wa bustani ajifunze.

Kisha kamera mpya ya getini. Mzee aliitaka juu kabisa, pembe ya paa, "ione kila kitu."

"Mzee wangu, kutoka kule tutaona kofia za watu."

Tulifanya majaribio kwa simu yake. Nilishika kamera juu ya ngazi, dogo akasimama getini amevaa kapelo, mzee akatazama: kapelo na mabega. Nikashuka hadi mita 2 na nusu, pembeni ya nguzo: uso mzima. Na lenzi, badala ya milimita 2.8 inayotawanya macho kote, nimeweka ya 4, inabana eneo lakini mtu anakuwa mkubwa. Mzee alicheka akasema, "Basi weka hapo kwenye uso."

Tulivutana kidogo jambo moja tu. Sehemu ya picha ilikuwa inaingia uani kwa jirani, kwenye kamba ya kuanikia nguo. Mzee hakuona ubaya. Nilimweleza kwamba tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, na zaidi ya sheria, yule ni jirani, ana mabinti. Nimechora kivuli cheusi ndani ya mipangilio ya kamera, eneo lile halirekodiwi kabisa. Mzee mwenyewe akamwita jirani aje aone kwenye simu.

Saa 12:15 jioni. Dogo alitaka twende nyumbani, foleni ya barabara ya Bagamoyo inaanza. Nilimwambia turudi Tegeta. Kitambaa ni kitambaa, magharibi ni magharibi.

Saa 12:40 jioni. Tumesimama nyuma ya kaunta, mama amefunga nusu ya mlango. Kioo kina picha sita. Anga ya uani ikageuka ya zambarau, nondo zikawa mistari myeusi. Kamera namba 1 ikaingia usiku, picha ikapoteza rangi. Namba 5. Namba 2. Mama ameshika ukingo wa kaunta.

Namba 3 ikapepesa mara moja, ikawa nyeusi na nyeupe, ikabaki. Dakika moja. Tano. Dakika kumi na mbili. Mlinzi akaingia uani na kikombe chake cha chai, akapita kando ya mabati, na uso wake ulionekana hadi ndevu.

Mama akamwita kwa sauti dirishani: "Nakuona!"

Mlinzi akainua kikombe juu kuelekea kamera.