Riwaya ya Uru: muuaji anajulikana ukurasa wa kwanza

Nimefumua mswada wote. Askari mpelelezi aliyekuwa ameshika rasimu ya kwanza sasa anapita tu. Aloyce kamuua Deo, jirani yake, kwa panga, na msomaji anaambiwa hivyo mapema. Ninaowafuata ni wanaobaki migombani.

Vihamba viwili, yaani mashamba ya migomba ya familia, vimepakana hapo Uru, juu ya Moshi mjini. Mpaka ni masale, mimea ya majani marefu inayopandwa mipakani, na mfereji wa kumwagilia ni mmoja. Uchaggani tunazika kihambani, kwa hiyo Mama Aloyce akitoka kukata majani ya ng'ombe anapita mbele ya kaburi la Deo, asubuhi na jioni. Na zamu ya maji haijali msiba: Mama Deo akimaliza kumwagilia, anayefuata ni Mama Aloyce. Sura ya tatu yote iko kwenye huo mfereji. Mama Aloyce anauliza, "Mama Deo, maji nifungue?" Hajibiwi, lakini maji yanakuja. Hii ndiyo sura ninayoipenda kuliko zote.

Mahakama nimeiandika upya pia. Mshtakiwa wa mauaji hana dhamana. Kwanza anasomewa shtaka mahakama ya chini na kuambiwa asijibu lolote, maana kesi hiyo husikilizwa na Mahakama Kuu. Kisha inaahirishwa, upelelezi haujakamilika, anarudishwa mahabusu gereza la Karanga. Nimewapandisha kina mama wote wawili daladala moja kushuka mjini, kila tarehe, wote wakirudi mikono mitupu. Adhabu ya kuua kwa kukusudia ni kunyongwa, ingawa Tanzania haijamnyonga mtu tangu 1994. Hukumu isiyotekelezwa wala kufutwa inaila familia polepole, na nimemtwika mzigo huo dada yake Aloyce, ambaye posa yake imevunjika bila mtu kutamka sababu.

Panaponisumbua ni isale, jani la yale masale ya mpakani. Kwa mila, ukiletewa isale la kuombwa msamaha, kukataa ni jambo zito mno. Niliandika Mama Aloyce akilikata mpakani na kulipeleka, wanawake wale wakalia pamoja. Wasomaji wangu wawili wa hapa Moshi waliguswa sana. Nimeifuta hata hivyo. Mama Deo kaporwa mtoto; nikimpelekea isale mbele ya wazee wa ukoo, nampora na haki ya kukasirika. Riwaya nyingi za mauaji humtumia mama wa marehemu alie siku ya mazishi, halafu zinamwacha hapo. Mimi nataka aendelee kuishi, auze ndizi zake soko la Mbuyuni, achoke kuonewa huruma.

Sasa naandika sura yake, kwa sauti yake mwenyewe. Isale litafika mlangoni, ila safari hii yeye ndiye atakayeamua kama litavuka kizingiti, na wazee watasubiri nje mpaka aseme.