Figo huugua kimya kimya

Juma hili lote figo hazijanitoka akilini. Mama mdogo ameambiwa ana ugonjwa sugu wa figo, naye hajawahi kulalamikia maumivu hata siku moja. Alikuwa akiamka kope zimevimba, ikifika jioni viatu vinambana, naye akisema ni uchovu tu wa umri.

Nimesoma mengi tangu siku hiyo. Kila figo ina vichujio vidogo vinavyokaribia milioni moja, na kwa siku figo zote mbili huchuja takriban lita 180 za majimaji ya damu ili kutoa lita moja au mbili za mkojo. Vichujio vingine vikifa, vilivyosalia hubeba kazi yao. Ndiyo maana mtu anaweza kupoteza sehemu kubwa ya uwezo wa figo huku akijiona mzima, na hili ndilo linalonitia hofu kuliko yote.

Dalili zipo, ila ni rahisi kuzipuuza. Povu kwenye mkojo, kwa mfano. Mkojo unaotoka kwa kasi hutoa povu, hilo si kitu. Lakini povu linalorudi siku baada ya siku na kukawia kupotea laweza kuwa ishara kwamba protini inavuja. Mkojo wenye damu au wenye rangi ya chai nao usiachwe hivi hivi. Kuamka mara kwa mara usiku kukojoa kuna sababu nyingi, kisukari kikiwemo, ila kunastahili kuulizwa. Hata uchovu una maelezo yake: figo hutoa homoni inayoufanya uboho utengeneze chembe nyekundu, na homoni hiyo ikipungua, damu nayo hupungua. Kuwashwa mwili, kichefuchefu na kukosa hamu ya kula mara nyingi huja ugonjwa ukiwa umeshakwenda mbali.

Watu wengi huishuku figo wanapoumwa mgongo, ilhali mengi ya maumivu hayo ni ya misuli. Mawe ya figo ndiyo yanayouma kweli, maumivu yakija kwa mawimbi kutoka ubavuni hadi kinena. Na mtu akianza kupumua kwa shida, au mkojo ukikaribia kukatika, ni hospitali saa hiyo hiyo.

Kaka yangu ana presha ya miaka mingi. Presha huharibu figo, na figo zikiharibika huipandisha presha zaidi. Isitoshe, anapenda kumeza ibuprofeni kila goti linapomuuma, dawa ambayo ikitumiwa sana huweza kuziumiza figo. Nimemsihi asiimeze tena kabla ya kuzungumza na daktari, na kesho tunakwenda pamoja kupima. Nimemwandikia vipimo vya kuomba: kreatinini kwenye damu, yaani taka ambayo figo huichuja, na albumini kwenye mkojo, ambayo ni aina ya protini. Uwezo wa figo kuchuja ukionekana kuwa chini ya mililita 60 kwa dakika, kipimo kitarudiwa, kwa sababu ugonjwa huitwa sugu ukidumu zaidi ya miezi 3.