Katapila lililogoma kukata kulia

Shamba tunalolima liko kwenye miteremko ya Mufindi, na katapila letu ni Caterpillar D4 ya zamani, zile ambazo namba yake huanza na 7U, zilizotengenezwa kuanzia 1947 hadi 1959. Wageni hupenda kuuliza kama ni masalia ya mradi wa karanga wa Kongwa, ule wa Waingereza ulioshindwa baada ya Vita Kuu ya Pili. Hapana, lilinunuliwa mnadani.

Msimu uliopita liligoma kukata kulia. Ukivuta liva ya kulia, inayokata nguvu ya injini kwenye cheni (mkanda wa chuma wa kutembelea) ya upande huo, na kukanyaga breki, linanyoosha tu. Kwenye mteremko hiyo ni hatari, kwa sababu ukiachia klachi ya upande mmoja bila breki, cheni ya upande huo hukimbia mbele na katapila hugeukia upande usioutaka.

Kila mtu alishauri tukaze breki. Sikutaka kukaza kitu kabla ya kujua kinachoumwa. Kila cheni ina klachi yake, na bendi ya breki, yaani ukanda unaobana ili kusimamisha, imezungushwa kwenye ngoma ya klachi hiyohiyo, kwa hiyo ubovu uko ama kwenye klachi ama kwenye bendi, na injini itakuambia ni wapi. Nikaliweka gia ya kwanza mahali tambarare, nikavuta liva zote mbili: likasimama. Basi klachi zinaachia. Nikaachia liva ya kushoto, nikabaki nimevuta ya kulia na kukanyaga breki yake. Klachi ingekuwa imeganda kwa kutu, injini ingeelemewa na breki. Haikushtuka hata kidogo. Bendi ilikuwa inateleza.

"Sasa tukaze, fundi?" akauliza kijana ninayefanya naye kazi.

Nikamwambia afungue kwanza plagi ya chini ya chumba cha klachi. Klachi hizi ni kavu, chumba hicho hakitakiwi kuwa na oili. Ikamwagika nyeusi, nzito, ikajaa kwenye kidumu alichokikata. Oili ya gia boksi ilikuwa kwenye kipimo chake, ila oili ya fainali ya kulia, gia za mwisho zinazozungusha cheni, ilikuwa imepungua. Sili, kizuizi cha oili kati ya fainali na chumba cha klachi, imekufa.

Tukarudisha plagi, tukamimina mafuta ya taa chumbani. Nikaliendesha mbele na nyuma, kisha tena nikiwa nimevuta liva ili mafuta yapenye katikati ya sahani za klachi, tukamwaga yakiwa bado na vumbi na uchafu vinavyoelea. Tukarudia hadi yakatoka masafi. Diseli huacha utando wa mafuta kwenye bitana za breki, na petroli usithubutu, utachoma shamba na katapila. Ndipo nikakaza bendi, nikiacha pedeli icheze kidogo, maana ikibana muda wote huchemka na kuisha haraka.

Likakata. Sili yenyewe ilisubiri kulima kuishe, kwa kuwa kuifikia lazima ung'oe kiti, tangi la diseli na klachi nzima. Hadi wakati huo tulikuwa tunaongeza oili kwenye fainali na kufungua ile plagi kila Jumamosi.