Siku moja maishani mwangu: Jumanne ya kwanza ya briji bila Baba

Saa kumi na moja alfajiri
Nimeamka kabla ya alamu. Mama analala juu, na nyumba zetu hizi za Mji wa Kale ni boriti tupu, mtu akitembea juu wewe wa chini wamhisabia hatua. Tangu aingie eda huwa haoni usingizi, anazunguka na tasbihi yake hadi adhana. Khitma ya arubaini ya Baba tulisoma Jumapili, watu walijaa hadi barazani, juzuu thelathini zikaisha kabla kahawa haijapoa.

Leo Jumanne. Na Jumanne kwetu tangu Baba astaafu bahari ni siku ya briji, ule mchezo wa karata wa watu wanne, wawili kwa wawili, iwe mvua iwe kusi iwe kuna harusi ya jirani, labda Ramadhani tu ndo ilikuwa inahamishwa baada ya tarawehe. Wiki hizi zote chumba cha chini kilifungwa. Nimepanda kumsalimia Mama akanipa ufunguo bila hata kunitazama, ati "Fungueni hicho chumba, kitaota kuvu." Bas.

Saa moja na nusu
Mahamri mawili, mbaazi, chai ya rangi, nikatoka. Natembea kama dakika kumi hadi Biashara Street, nauza leso kwenye duka la watu. Njiani nimekutana na kijana wa tuktuk mwenzetu wa mezani, kapunguza mwendo akaniuliza "Dada, leo tuko?" nikamwambia tuko, akapiga honi mara mbili akaenda zake. Huyu kijana alikuja kwetu mara ya kwanza kumleta abiria tu, akasimama mlangoni kutazama, Baba akamwambia mwanangu ama uingie ama utoke, mlango uko wazi mbu waingia. Akaingia. Saa hii ndo anaongoza kwa kukumbuka karata zilizotoka.

Saa mbili hadi saa nne
Kufungua, kufagia, kutundika leso za mbele. Bandali mpya imekuja kwa hivo ni kufungua na kupanga kwa majina, manake mteja wa Mombasa haulizi rangi kwanza, auliza "yasemaje?" Leso ina pindo, ina mji, na ina jina, na jina ndo linaloleta vita. Leo kaja mdada kutoka Nairobi anataka zawadi ya mama mkwe, kachagua moja ya zambarau nzuri sana, tayari anatoa simu alipe, nikamsomea: "Hasidi hana sababu." Nikamwambia dada yangu, hii ukimpelekea mkweo utalala stendi. Akacheka hadi akakaa chini. Kanunua mbili zingine.

Baba angemsifu yule mdada kwa kukubali kusomewa. Alikuwa anasema mtu anapeleka ujumbe asioujua, kisha anashangaa mwenzake amenuna, na kwa briji ndo hivo hivo, unanadi kopa mbili, yaani waahidi utakachoshinda, hujui umemwambia nini mwenzako aliye mbele yako.

Saa tano
Saa hii duka hupoa, nikakaa kwenye bandali nikamfikiria vizuri.

Babangu alikuwa baharia wa meli za mizigo. Miezi tisa baharini, miezi miwili mitatu nyumbani, hivo ndo tulivolelewa. Karachi, Durban, Rotterdam, Hamburg, Santos, yote hayo mimi niliyajua kwa stempu za barua kabla sijayaona kwa ramani ya shule. Lakini mtu wa watu wake, alikuwa akirudi anatuita mmoja mmoja, anakaa na kila mtoto peke yake, anakwambia haya nieleze kila kitu tangu nilipoondoka, na anasikiliza kweli, hata zile za nani kanivutia nywele darasani.

Briji alifunzwa na afisa wa redio wa melini, mtu wa Karachi. Walikuwa watatu wanajua na walikosa wa nne, wakamtafuta huyu Mswahili anayejua karata. Na karata alizijua tangu utoto, wahedi wa sitini ya barazani, ile ya kutafuta alama 61 katika 120. Sasa kizaazaa kilianzia hapo. Kwenye mchezo wetu ree (A) ni 11, saba ni 10, mzungu wa nne (K) 4, mzungu wa tatu (J) 3, mzungu wa pili (Q) 2, majina yenyewe yanakwambia hesabu. Ukija kwa briji, ree ni 4, mzungu wa nne ana 3, mzungu wa tatu ana 1, mzungu wa pili peke yake kabaki na mbili zake, na saba aliyekuwa tajiri hana hata senti! Pakiti nzima ina alama arubaini. Baba alisema mwezi mzima alikuwa anazishika saba kama dhahabu na wenzake wanamshangaa.

Na ile ya Santos nimeisikia mara mia na bado naipenda. Wako bandarini Brazil, vibarua wamekaa juu ya magunia ya kahawa wanacheza karata, Baba anapita zake, mara anasikia mtu anapaaza sauti "copas!" mwingine "espadas!" Akasimama. Kopa, uru, shupaza, pau, na turufu yenyewe, zote anazisikia kwa midomo ya watu asiowajua lugha. Ndo kuelewa kuwa sisi karata tulizipata kwa Wareno, wale wa Fort Jesus, walianza kuijenga 1593 na Waomani wakawatoa 1698. Ngome wakaiacha na karata wakaziacha. Akakaa kwenye gunia akacheza nao hadi bosun, mkubwa wa mabaharia, akaja kumtafuta.

Mfereji wa Panama pia alipita, mara moja tu, na hio nayo kwake ilikuwa kama ziyara. Manake briji hii tunayocheza sisi, ya mkataba, alama zake zilipangwa melini: mwaka 1925, tajiri wa Kimarekani Harold Vanderbilt alikuwa kwenye meli ya Finland inatoka Los Angeles kwenda Havana kupitia huo mfereji, akawa anajaribu hesabu mpya na wenzake watatu. Kuna neno walilikosa, la kuita upande ambao tayari umeshinda gemu moja na sasa adhabu zake zimepanda, akatokea msichana abiria akawapa neno. Baba alilitafsiri "hatarini". Jina la yule msichana Vanderbilt mwenyewe hakulikumbuka. Kila Baba akifika hapo hunitazama mimi, ati ungekuwa wewe ungewaandikia jina lako ukutani.

Saa saba
Swala, wali wa nazi na samaki wa kupaka kwa mama wa uchochoroni, kurudi. Jua kali wallahi.

Saa tisa
Hapa nimeharibu. Leso huja mbili zimeshikana, wewe wakata katikati kwenye ule mstari mweupe kisha fundi anapinda. Kazi ya kila siku, naweza kuikata nimefumba macho, na leo karibu nifumbe kweli, manake nilikuwa nahesabu kichwani nani atakaa wapi usiku, makasi yakaenda kombo yakala pindo la upande mmoja kama vidole vinne. Mteja akaguna. Nikamkatia nyingine, ile iliyoharibika bosi akaniandikia kwenye mshahara wangu, bei ya kununulia lakini. Haki yake.

Hesabu yenyewe iliyonikosesha ni hii. Briji watu wanakaa kwa dira, kaskazini na kusini ni wenza, mashariki na magharibi wenza. Baba hakukubali majina hayo, yeye baharia, kwetu ni kibla, suheli, matlai na magharibi. Yeye kibla. Mimi suheli, mbele yake, tangu nikiwa kidato cha pili siku ambayo mtu hakuja na wakakosa wa nne kama yeye alivyopatikana. Sikujua kitu, akaniambia shika karata kumi na tatu zako, usinikonyeze, usikohoe, ukitaka kunambia kitu kinadi. Hapo ndo ugomvi wake na wazee wa barazani ulipo, kule kukonyeza ni ufundi, kwake ni wizi. Na pesa ndo kabisa, hakuruhusu hata shilingi. Kuna waliosema karata ni haramu kwa vyovyote, hakubishana nao, aliwapelekea kahawa tu.

Saa kumi na mbili
Nimefunga duka, nikapitia viazi karai na ukwaju, nikarudi. Magharibi, kisha kufungua kile chumba.

Harufu ya ubani na karatasi. Meza mbili, viti vinane. Ukutani picha ya Omar Sharif aliyoikata gazetini, yule mcheza sinema wa Misri, Baba alikuwa anakasirika watu wakimsifu kwa sinema: "Huyu aliichezea Misri Olimpiadi ya briji 1964, nyinyi mwaniambia mambo ya ngamia!" Vikadi vya kunadia alivitengeneza mwenyewe kwa maboksi ya viatu, kona zimechakaa zimekuwa laini kama kitambaa. Na daftari. Huwezi kusema ni daftari la alama, ni logi ya meli: tarehe, upepo, waliofika, ndo alama zinafuata. Ukurasa wa mwisho ni mwandiko wake: "Kusi, wastani. Watu saba. Nimekaa nje mimi." Watu saba manake meza moja kamili na nyingine imekosa wa nne, basi watatu wakae nje wapokezane na wanaocheza. Alikaa nje yeye. Sikujua alikuwa amechoka, nilidhani ni adabu tu.

Leso yake ya kutandika mezani haikuwepo. Sikuuliza, najua iko juu kwa Mama. Nikatoa ile yangu ya makasi nikaitandika, upande uliokatika nikauelekeza ukutani.

Saa mbili na nusu usiku
Baada ya isha wamekuja watano. Mwalimu mstaafu, bibi wa Kigoa, kaja na keki ya nazi na hakusema pole tena, kanishika bega tu. Mzee wa Kibohora wa duka la hadwea. Kijana wa tuktuk. Wengine wawili, mke na mume wa mtaa wa nyuma. Pamoja na mimi sita, meza moja na wawili watazame.

Ikaja ile shughuli ya kiti cha kibla. Kila mtu yuko shughuli na mfuko wake, na simu yake. Mwisho Mwalimu akasema "Nitakaa mimi, magoti yangu hayawezi kusimama mpaka mtaamua," akakaa. Nikakaa suheli. Mzee matlai, kijana magharibi. Nikaandika kwenye daftari tarehe, nikatoka barazani kusikiliza upepo, nikarudi nikaandika "Kusi, kidogo."

Mzee akagawa. Nimezipanga zangu: ree ya shupaza, mzungu wa nne wa shupaza, zote ni shupaza tano, mzungu wa nne wa uru na mzungu wa pili wa pau. Alama kumi na mbili. Kitabu kinataka kumi na tatu kufungua lakini Baba hapo angenadi bila kupepesa jicho, na angenikaripia mimi nisiponadi.

Mzee: pasi, hanadi. Mimi mkono ukaenda kwenye shupaza moja, nikaugusa ule ukingo laini, nikatoa kikadi kingine. Pasi. Kijana akazitazama zake muda mrefu, akageuza kikadi: pasi. Mwalimu pasi.

Wote wanne. Karata zikarudi katikati ya leso na hakuna aliyemtazama mwenzake. Mara mlango ukasukumwa, mtoto wa kakangu kateremka na birika la kahawa kalishika kwa mikono miwili, ulimi nje asimwage.

"Bibi auliza, mbona kumenyamaza huku?"

Mzee wa hadwea akavuta karata akaanza kuzichanganya.

"Mwambie tumepasi wote," nikamwambia. "Twagawa upya."