Chemli, karafuu na Waraka kwa Waefeso

Mwaka 2003 ulikuwa wa pili kwangu Pemba. Nilikuwa nafundisha Kiswahili Chake Chake, nimepanga chumba Machomane kwa Bi mkubwa mmoja mwenye mikarafuu yake shamba. Mimi ni mtoto wa Unguja, nimekulia kivulini mwa kanisa la Mkunazini, lile lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, na baba yangu alikuwa katekista wa Anglikana. Kwa hiyo nilipovuka kwenda Pemba nilidhani naelewa maana ya Wakristo kuwa wachache. Sikuelewa. Unguja tulikuwa wachache, lakini kila dhehebu lina mlango wake. Kule tulikuwa watu kumi na wanne sebuleni kwa askari polisi mmoja, kila Jumatano jioni, na watu hao kumi na wanne walitoka katika makanisa sita.

Wengi tulikuwa watu wa kuja: askari na wake zao, nesi Mkatoliki kutoka Songea, fundi makenika Mlutheri, kaka mmoja Mpentekoste aliyekuwa akiuza vipuri vya baiskeli. Mwenyeji wa kweli alikuwa mmoja tu, mzee tuliyemwita Babu. Alikuwa wa Kanisa la Marafiki, wale Waquaker waliofika Pemba mwaka 1897, mwaka ule ule utumwa ulipofutwa kisheria Zanzibar. Bibi yake alikuwa mmoja wa walioachwa huru, akapata hifadhi na kazi kwao, Banani. Marafiki hawabatizi kwa maji wala hawana meza ya mkate na divai. Babu alikuwa akikaa karibu na mlango, kimya, Biblia yake isiyo na jalada juu ya magoti.

Katibu wa ushirika nilikuwa mimi, na sharti letu kuu nililitunga mimi: mafundisho kila mtu abaki nayo kanisani kwake. Hapa tunaimba, tunaombeana, tunapeana pole. Niliamini kabisa kwamba hiyo ndiyo njia ya umoja. Nilikuwa nimelelewa na hadithi ya Askofu Frank Weston wa Zanzibar. Mwezi Juni 1913 wamisionari wa Kiprotestanti walikutana Kikuyu, Kenya, wakapanga makanisa yao yashirikiane, na mwisho wakashiriki pamoja Meza ya Bwana katika kanisa la Waskoti. Weston aliposikia aliwashitaki maaskofu wenzake Waanglikana wa Mombasa na Uganda, waliokuwa mkutanoni, kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, kwamba wameiacha imani. Ugomvi ule ukavuka bahari hadi Uingereza. Baba alikuwa akiusimulia kwa fahari, kwake Weston alikuwa shujaa wa kweli. Mimi nilibaki na jambo moja tu kichwani: ukigusa mafundisho, watu wanapasuka. Nikaapa kwamba kundi nitakaloliongoza mimi halitagusa.

Mwezi wa tisa, mwenzetu mmoja akatuletea mhubiri kutoka bara. Usiku wa kwanza aliimba vizuri. Wa pili alisema walionyunyiziwa maji utotoni si Wakristo bado, na wasiobatizwa kabisa ndio basi tena. Niliona Babu akiinama. Sikusema neno, maana sharti lilikuwa langu. Usiku wa tatu akafundisha kwamba uponyaji wa Mungu una mbegu yake, na mbegu ni sadaka, na anayemeza dawa baada ya kuombewa anamwambia Mungu kwamba ni mwongo.

Mke wa askari mmoja alikuwa na mtoto wa miaka minne mwenye kifafa. Alisimama, akavua vipuli vyake vya dhahabu alivyoachiwa na mama yake, akaviweka kwenye kitambaa. Nesi alinitazama. Nakumbuka macho yake mpaka leo. Yeye ndiye aliyekuwa akimpatia mama yule vidonge vya mtoto, na alikuwa akiniuliza kwa macho: katibu, naruhusiwa kusema? Nikatazama chini. Tukaimba.

Jumapili mhubiri alipanda boti. Usiku wa Jumanne mtoto alishikwa na kifafa, kikaacha, kikarudi, kikaacha, kikarudi, hadi alfajiri wakamkimbiza hospitali. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini mama yake hakuja tena Jumatano, wala mumewe, na sebule ile hatukuitumia tena kwa sababu sisi wenyewe tulikuwa hatutazamani. Kaka Mpentekoste alidhani tunamlaumu yeye kwa kuwa mhubiri alikuwa na lugha kama ya kwao. Fundi alisema kwa sauti kwamba ndivyo walivyo. Mwezi mmoja tu, umoja wangu ulikuwa umekwisha.

Ulikuwa msimu wa karafuu. Jioni umeme ukakatika. Wakati ule Pemba ilitegemea jenereta za Wesha, waya wa baharini kutoka Tanga ulifika 2010 tu. Bi mkubwa alikuwa amewasha chemli ukumbini na kumwaga karafuu mbichi kwenye jamvi, nasi tukawa tunachambua makonyo, vile vijiti vinavyoshika karafuu, vidole vimekuwa vyeusi. Tukasikia hodi. Alikuwa Babu.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukusaidia kazi."

Akaketi jamvini. Alichambua kwa muda mrefu bila kusema kitu, kwa kasi ya mtu aliyeifanya kazi ile tangu utoto. Kisha akasema, bado anatazama mikono yake, "Mwalimu, umoja wenu ulikuwa wa nyimbo."

Niliumia. Nikamwambia nilitaka amani. Akasema anajua. Akaniomba nimsomee Waefeso sura ya nne, macho yake hayakuweza kwa mwanga wa chemli. Nilisoma nikijua inakokwenda: Bwana mmoja, imani moja, ubatizo mmoja. Nilitaka kuishia hapo. Akasema, "Endelea." Nikaendelea hadi pale Paulo anaposema tufikie umoja wa imani, "ili tusiwe tena watoto wachanga, tukitupwa huku na huku, na kuchukuliwa na kila upepo wa elimu".

"Elimu hapo ni nini?" akaniuliza. Mimi mwalimu wa Kiswahili. Nikamjibu kwamba kwa Kiswahili cha Biblia yetu ni mafundisho. Akakubali kwa kichwa. Akasema upepo hauulizi kama chombo kina sharti la kutozungumza habari za upepo. Mtoto yule alikuwa chomboni, nesi alijua pa kushika usukani, sisi tukamfunga mdomo tukaita upendo.

Halafu akanisomesha Matendo, pale Simoni yule mchawi anapoleta fedha na Petro anamwambia, "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe, kwa kuwa umedhania ya kuwa karama ya Mungu yapatikana kwa mali." Maneno haya yalikuwa magotini mwa Babu usiku ule wa vipuli. Yangetosha. Yalihitaji mtu mmoja wa kuyasoma kwa sauti. Bi mkubwa, ambaye si wa dini yetu na ambaye hakuwa ameingilia hata mara moja, alisema taratibu, "Masikini mama wa watu," akaendelea kuchambua.

Wiki ile nilikwenda nyumba kwa nyumba. Kwa nesi niliomba radhi kwanza. Walikubali kuja saba tu. Tulianza Waefeso kutoka sura ya kwanza, mstari kwa mstari, na sharti jipya lilikuwa la Babu: mtu yeyote anaweza kusema lolote, mradi aonyeshe limeandikwa wapi, na wengine walichunguze, kama wale watu wa Beroya katika Matendo, waliochunguza Maandiko wenyewe.

Haikuwa rahisi. Tulipofika "ubatizo mmoja" tulikaa Jumatano nne. Kaka Mpentekoste alitaka maji mengi, mimi na fundi na nesi tulitetea watoto wachanga, Babu akasema ubatizo anaoujua yeye ni wa Roho. Hatukukubaliana. Hadi leo sidhani kama tungekubaliana. Lakini kwa mara ya kwanza nilimsikia Mpentekoste akieleza kwa nini, na sababu zake zilitoka katika kitabu kile kile ninachokishika mimi. Na tulipouliza ni nini tunachokiri wote bila kusita, kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, akazikwa, akafufuka, kwamba wokovu haununuliwi, orodha ilikuwa nzito kuliko nilivyotarajia. Nilianza pia kumfikiria upya Askofu Weston. Sikubaliani naye kuhusu Kikuyu. Lakini yeye na aliowashitaki wote waliamini kwamba Mungu amesema na kwamba alichosema kina uzito wa kutosha kugombaniwa. Na Biblia tuliyokuwa tukisoma, Biblia ya Muungano ya mwaka 1952, ilifanywa kwa kuunganisha tafsiri ya Kiunguja, ambayo Askofu Steere aliianza kwetu, na ile ya Kimvita ya Mombasa. Zanzibar na Mombasa, zilizogombana, zikaishia kwenye jalada moja.

Mwezi wa kumi na mbili mama wa mtoto alirudi. Alisimama mlangoni, masikio matupu. Babu alisogea, akampisha nafasi kwenye mkeka, akampa Biblia yake isiyo na jalada na kumwonyesha mahali. Tulikuwa tumerudia sura ya pili. Alisoma polepole: "Kwa maana mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, ambayo hiyo haikutokana na nafsi zenu, ni kipawa cha Mungu."

Akanyamaza. Kisha akamuuliza Babu, "Kipawa, yaani bure?"

"Bure, mwanangu."

Akarudia kuusoma mstari ule kutoka mwanzo.