Namba moja haikutosha: nilivyokadiria shaka ya mtetemo wa baruti karibu na msikiti wa zamani

Machimbo niliyopewa kuyasimamia yako uwandani, kusini mwa Unguja, juu ya mwamba wa chokaa ya matumbawe uliojaa matundu na mapango. Mita 180 kutoka hapo upo msikiti wa zamani wa mawe na chokaa, wenye dari la boriti. Umri wake haufikii ule wa Kizimkazi Dimbani, ambao maandishi yake ya Kikufi yana tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, lakini kuta zake zilikwishakuwa na nyufa kabla sisi hatujafika. Kwa hiyo tulikubaliana na sheha na kamati ya msikiti kufuata kipimo kikali cha Kijerumani, DIN 4150, ambacho kwa majengo ya kale kinataka kasi ya mtetemo kwenye msingi isizidi milimita 3 kwa sekunde pale mtetemo unapokuwa chini ya herzi 10, yaani mitikisiko 10 kwa sekunde. Kile cha Wamarekani cha mwaka 1980, kinachoruhusu milimita 12.7 kwa nyumba zenye lipu ya zamani, sikukitaja kabisa mbele ya wazee.

Njia ya kutabiri mtetemo ni ya kawaida. Unachukua umbali, unaugawa kwa kipeuo cha pili cha uzito wa baruti inayolipuka kwa wakati mmoja (mashimo yanayopishana kwa milisekunde 8 au zaidi huhesabiwa mbalimbali), na jibu lake ndilo ninaloliita umbali uliopimwa upya; kisha unatafuta mstari unaohusisha jibu hilo na kasi iliyopimwa, vyote viwili vikiwa katika logarithimu. Nilifanya milipuko 6 midogo ya majaribio, nikapata vipimo 22, na mstari ukapita vizuri katikati ya nukta: 700 ikizidishwa kwa umbali huo uliopimwa upya, wenye kipeo cha hasi 1.5. Kwa kilo 16 na mita 180, umbali uliopimwa upya ni 45, na kasi inayotoka ni milimita 2.3. Nikaenda kwa furaha kumwambia Maalim anayeswalisha pale kwamba mtetemo utakuwa 2.3.

Mlipuko wa tatu ulitoa 3.4.

"Mwanangu, ulitwambia mbili na kidogo," alisema Maalim, wala hakupandisha sauti. Sikuwa na jibu, na kilichoniudhi zaidi ni kwamba hakuna aliyekosea kazi yake: mashimo yalitobolewa sawa, baruti ilipimwa, na jiofoni, yaani kifaa cha kupimia mtetemo, ilikuwa imefungwa barabara kwenye msingi. Kosa lilikuwa kwenye kauli yangu. Mstari ule unaeleza katikati ya nukta, maana yake ni kwamba takriban nusu ya milipuko itapita juu yake, nami niliusema kana kwamba ni dari.

Usiku ule nilirudi kwenye vipimo vyangu 22 na kuangalia jambo nililolipuuza, yaani jinsi nukta zilivyotawanyika kandokando ya mstari. Mchepuko sanifu wa mabaki, yaani kipimo cha jinsi nukta zinavyokaa mbali na mstari, kwa logarithimu ya msingi wa 10, ulikuwa 0.17. Namba hiyo inaonekana ndogo mpaka uitoe kwenye logarithimu. Ukiizidisha kwa 1.725, ambayo ndiyo thamani ya t (namba ya jedwali la takwimu) ya upande mmoja kwa asilimia 95 na digrii 20 za uhuru, yaani vipimo 22 ukitoa namba mbili za mstari, na ukaongeza kidogo kwa kuwa mstari wenyewe nao haujulikani kwa hakika, kisha ukaitoa kwenye logarithimu, unapata kizidisho cha takriban 2, yaani namba ya kuzidisha ile ya katikati ili upate dari. Kwa hiyo 2.3 yangu ilikuwa na dari la 4.7, na uwezekano wa kupita milimita 3 ulikuwa zaidi ya mmoja kwa minne. Ile 3.4 iliyotushtua haikuwa ajabu hata kidogo.

Bado palikuwa na jambo jingine, na hili naona wengi hulipita. Vipimo 22 vilitoka kwenye milipuko 6 tu, na vipimo vya mlipuko mmoja hupanda na kushuka pamoja, kwa sababu baruti ni ileile na mwamba ni uleule. Kuvihesabu kama mashahidi 22 wasiojuana ni kujidanganya. Nikaiagiza kompyuta ichague milipuko mizima kwa bahati nasibu, ikiirudisha kila mara, na kuchora mstari upya mara 2,000. Kizidisho kikapanda hadi 2.2. Kwa milipuko 6 hata hicho si cha kuapia, lakini ni cha kweli zaidi kuliko cha kwanza. Tukashusha baruti hadi kilo 7.5 kwa wakati mmoja: katikati 1.3, dari 2.9. Bosi wangu alinung'unika kwa kuwa mashimo yaliongezeka, nami nilimwelewa.

Niliandika pia nyakati za maji kujaa na kupwa, nikishuku kwamba maji yaliyomo mwambani siku za bamvua yanabadilisha mtetemo. Vipimo havikutosha kusema lolote.

Tangu hapo, kabla ya kila mlipuko, niliandika kwenye daftari lililokaa kwa sheha namba mbili, ya katikati na ya dari, na nikaeleza kwamba katika milipuko ishirini, mmoja hivi unaweza kulipita dari. Maalim aliuliza, "Na huo mmoja utatwambia mapema?" Nikamjibu kwamba siwezi. Vipimo vipya nilivitia kwenye hesabu kila wiki, na mstari ukatulia, lakini mtawanyiko ulishuka hadi 0.16 tu, kwani sehemu yake kubwa imo ndani ya mwamba wenyewe na haiondoki kwa kupima zaidi.

Katika milipuko 31 iliyofuata, mmoja ulifika 3.2. Maalim alilifungua daftari, akaiangalia namba ya dari, kisha tukaenda pamoja kukagua vipande vya kioo tulivyovibandika juu ya nyufa, ambavyo huvunjika ufa ukisogea. Vyote vilikuwa vizima.